Arobaini za "Ya", Moja ya "Kwa"

Watu wengine hukunja pua wakiona kinyesi cha panya kwenye mchele. Mama Nukta alikunja pua akiona koma mahali pa nukta. Jina hilo alipewa na wenzake wa Ofisi ya Usajili ya chuo kikuu, wala si kwa mapenzi, nalo likamganda mpaka mwenyewe akawa analiitikia. Kazi yake ilikuwa kuhakiki vyeti. Kila karatasi iliyotoka pale chuoni kuutangazia ulimwengu kwamba fulani amesoma, ilipita kwanza chini ya kalamu yake nyekundu. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa bila kukubali hata siku moja kwamba kosa dogo ni dogo.

Ubaya wake ulikuwa mmoja: alikuwa mwepesi wa kinyaa. Makombo mezani, duara la kikombe juu ya barua, mtu anayelamba kidole ndipo afunue ukurasa, vyote vilimchafua roho. Na kuliko vyote, Msajili. Bosi wao huyo alikuwa na tabia ya kuchokonoa meno kwa kibanio cha karatasi, akakitazama kwenye mwanga, kisha akakirudisha kwenye faili kana kwamba ni mali ya umma. Mama Nukta alikuwa akivitambua vibanio hivyo kwa kuviangalia tu, na alivisukuma kwa ncha ya rula.

Mwaka huo chuo kiliamua vyeti viandikwe kwa Kiswahili. Uamuzi mzuri, nani aubishe? Kikaundwa kikao cha kupatana maneno, watu wakanywa chai ya chuo asubuhi tatu mfululizo, mambo yakaenda vizuri mpaka walipofika kwenye heshima. Hapo gari likakwama. Maana chuo kina heshima za namna mbili. Kuna ya mwanafunzi aliyekesha miaka minne akapata daraja la kwanza. Na kuna ya mkubwa fulani ambaye hajawahi kukalia kiti cha mtihani, anapewa shahada kama shukrani, avae joho, apigwe picha, aende zake.

"Mzee," Mama Nukta alimwambia Msajili, "ya mkubwa tuiite shahada ya heshima, kila mtu anaijua hivyo. Ya wanafunzi tuseme shahada kwa heshima, daraja la kwanza. Tusije tukazichanganya."

"Ya, kwa, vyote si Kiswahili, Mama?" Msajili akasema, na watu wakacheka kwa kuwa ni bosi.

"Hata nyumba ya kupanga na nyumba ya kujenga vyote ni Kiswahili, Mzee. Lakini zichanganye mbele ya mwenye nyumba uone."

Walicheka tena, safari hii kwa dhati, na neno lake likapita. Likaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao na kila mtu akatia saini. Mama Nukta alirudi mezani kwake amefurahi, jambo ambalo halikumtokea mara nyingi katika jengo lile.

Alikuwa na sababu yake ya kufurahi, ambayo ofisini hakuna aliyeijua. Kati ya wanafunzi arobaini na mmoja wa daraja la kwanza mwaka ule, aliyeongoza wote alikuwa binti wa dada yake. Wenzake walimwita Kipanga, kwa namna alivyonyakua alama. Alisomea uhandisi wa maji. Mama Nukta ndiye aliyemshikisha kalamu ya kwanza, akamlea tangu darasa la tano ili awe karibu na shule nzuri, na alikuwa mkali kwake kuliko kwa koma. Tangu binti aingie chuoni walikubaliana wasijuane wakiwa ndani ya geti. Wakipishana kwenye ukumbi wa chini, Kipanga alisema "Shikamoo Mama" kama anavyomwambia mfanyakazi yeyote, na Mama Nukta akaitikia "Marahaba" huku akiendelea kutembea. Hakutaka mtu aje aseme binti amebebwa.

Wiki mbili kabla ya mahafali, mpiga chapa alileta sampuli za vyeti. Zilikuwa karatasi mbili, moja ya wanafunzi wa daraja la kwanza, nyingine ya Mgeni Rasmi, mfanyabiashara wa saruji aliyekuwa akikijengea chuo ukumbi mpya. Zote mbili, licha ya kikao na saini na chai yote ile, zilisomeka "Shahada ya Heshima". Mama Nukta akachukua kalamu. Kwenye karatasi ya wanafunzi akakata "ya", akaandika juu yake "kwa", na pembeni akaongeza "Daraja la Kwanza". Ile ya Mgeni Rasmi akaiacha kama ilivyo, maana ilikuwa sahihi.

Kwa utaratibu, kila sampuli ilitakiwa irudi kwa mpiga chapa ndani ya jalada lake. Lakini hizi mbili zilikuwa zimepitia kwa Msajili, na Msajili alizibana pamoja. Mama Nukta alikitazama kibanio. Kilikuwa kimenyooshwa ncha, na kwenye ncha kulikuwa na kitu. Sitasema ni kitu gani. Aliyewahi kula nyama anakijua. Akakunja pua, akaziinua karatasi kwa pembe, akazitumbukiza zote mbili katika jalada moja, na kwenda kunawa mikono.

Siku ya mahafali jua liliwaka, majoho yakanuka jasho na dawa ya nondo, na viti vya mbele vikajaa watu wanaopiga makofi kabla jambo halijasemwa. Mgeni Rasmi alikuwa mtu mnene mwenye pete tatu na kicheko cha kujua kwamba kitachekewa. Alipoitwa, Msajili alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili na kusoma:

"Shahada ya Uzamivu, kwa Heshima, Daraja la Kwanza!"

Makofi yakalipuka. Mama Nukta, aliyekuwa amekaa mstari wa nyuma na watu wa ofisi, alikunja pua. Mtu hajasoma hata ukurasa mmoja, ameambiwa mbele ya wazazi elfu mbili kwamba amefaulu daraja la kwanza! Na yeye mwenyewe anapunga mkono, anaitikia, anakipokea kilemba hicho cha ukoka kama aliyekitolea jasho. Maprofesa waliokuwa jukwaani walisikia vizuri sana. Wawili walitazamana, wakajitia hamnazo, wakaendelea kupiga makofi.

Kisha akaitwa Kipanga, wa kwanza kati ya wanafunzi wote, na hapo Mama Nukta akasahau miaka minne ya tahadhari. Alipiga vigelegele mpaka akakaukiwa koo, akakimbilia mbele, akamkumbatia binti hadharani. Msajili aliwaona. Akatabasamu, na tabasamu la Msajili halikuwa kitu cha kupendeza kukitazama.

Jioni nyumbani kwa dada yake kulijaa majirani. Dada mtu alikuwa dobi wa hospitali, mikono yake imechubuka kwa sabuni ya mashuka, na alikuwa ameinawa mara mbili ndipo akakubali kushika cheti. Alisoma polepole, neno kwa neno, kidole kikifuata.

"Shahada... ya... Heshima... ya Uhandisi wa Maji." Akainua uso, machozi yanamtoka. "Mwanangu! Heshima! Mimi na kufua mashuka ya watu, leo nimeletewa heshima ndani ya nyumba!"

Majirani wakashangilia. Mama Nukta akakichukua kile cheti, akakisoma mara moja, na kidole chake kikakwama kwenye neno la pili. "Ya". Na daraja la kwanza halipo. Akaelewa palepale: mpiga chapa alikuta karatasi mbili zimebanwa pamoja na masahihisho mekundu juu, akayapeleka masahihisho kwa mkubwa. Kwa akili yake ya kawaida aliona daraja la kwanza litakuwa la mtu wa daraja la kwanza.

"Mama mdogo, vipi?" Kipanga akamnong'oneza.

"Kesho," alimjibu. "Usiwaharibie leo."

Kesho yake hawakupata nafasi ya kufanya lolote, maana ilikuwa mapumziko, na Jumatatu asubuhi Kipanga alitakiwa Maabara ya Maji. Alikuwa ameshafanya mtihani wao, amewashinda waombaji wote, kilichobaki ni kuonyesha cheti na kupewa koti jeupe. Alirudi kabla ya saa nne, akapitia moja kwa moja mezani kwa mama yake mdogo, geti au si geti.

"Mkuu wa maabara ameisoma karatasi, akacheka," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Ameniambia, 'Binti, hii wanapewa wageni rasmi. Wewe ulikijengea chuo nini?' Wote mezani wakacheka. Nikamwambia ni makosa ya chapa. Akasema basi nilete iliyo sahihi kabla ya Ijumaa adhuhuri, la sivyo anamchukua aliyenifuata."

"Na aliyekufuata naye si anayo hiyohiyo?"

"Yeye ametoka chuo kingine."

Mama Nukta alifuta meza yake, ambayo ilikuwa safi. Kisha akainuka, akaenda kwa Msajili.

Chumba cha Msajili kilikuwa na zulia lililofyonza vinywaji vya wasajili wanne, na harufu yake ilikuwa historia nzima ya ofisi. Alimkuta anazungumza na simu huku anacheka, "Unastahili, mkubwa, unastahili!" Alipokata simu alikuwa bado anacheka.

"Mgeni Rasmi," alisema. "Amefurahi huyo! Cheti amekitundika ofisini, na sasa anataka kitengenezewe bango kubwa pale njia panda. Daraja la kwanza! Anasema hata mwalimu wake wa shule ya msingi hakuwahi kumwamini."

"Mwalimu wake alikuwa na macho, Mzee," Mama Nukta akasema. "Ni makosa. Masahihisho ya wanafunzi yamekwenda kwake. Wanafunzi arobaini na mmoja wana karatasi inayosema wamepewa tu, na mtu mmoja aliyepewa ana karatasi inayosema amesoma. Viitwe vyeti vyote, vichapwe upya."

Msajili akashika kibanio. Akakinyoosha taratibu. "Nimpigie simu Mgeni Rasmi nimwambie arudishe daraja lake la kwanza? Ukumbi haujaezekwa, Mama."

"Kwa hiyo watoto wa watu wabaki wanachekwa mpaka paa lipande?"

"Nani anawacheka? Heshima ni heshima."

Alisema hivyo na kukitia kibanio mdomoni. Mama Nukta aliyageuza macho ukutani. Si kwa sababu ya meno tu. Alikuwa ameuona ubongo wa mtu huyo ukifanya kazi, namna ulivyochagua bila hata kujikuna kati ya watoto arobaini na mmoja na mabati, na ulimchukiza kuliko chochote kilichowahi kutoka kwenye meno yake. Akatoka bila kuaga.

Jumanne simu za ofisi zilianza kulia. Benki ilimkataa kijana mmoja wa hesabu. Chuo cha ng'ambo kilimwandikia binti wa kemia kwamba hakitambui shahada za hisani. Mzazi mmoja alifika mwenyewe, mwalimu mstaafu, akasimama dirishani akiwa ameshika cheti cha mwanawe kwa ncha za vidole, anauliza kwa adabu ni nani aliyeandika uchafu huu. Mhudumu wa dirishani akamwelekeza kwa mhakiki. Mama Nukta akamsikiliza mpaka mwisho, akampa kiti. Hakuwahi kumpa mtu kiti mezani kwake.

Jumatano Msajili akamwita.

"Kaa, Mama." Alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa na utelezi. "Ungeniambia mapema kwamba yule binti ni damu yako, tusingefika huku. Mimi si mnyama. Nimeagiza cha kwake kichapwe upya. Kiko hapa."

Alikisukuma mbele. Kilikuwa kizuri. "Shahada ya Uhandisi wa Maji, kwa Heshima, Daraja la Kwanza." Hakuna koma iliyopotea. Mama Nukta alikitazama na mate yakamjaa mdomoni, na kwa mara ya kwanza hakujua kama ni ya kinyaa au ya njaa.

"Na wale arobaini?"

"Hao nao nitawasaidia, kwa njia nyingine. Nimeandika barua fupi ya kuwatuliza waajiri. Inatakiwa saini ya mhakiki, kwamba umevipitia vyeti na havina kosa. Ya kuweka kwenye faili tu, waajiri wakiuliza."

"Nisaini kwamba 'ya' ni sahihi?"

"Usaini kwamba heshima ni heshima." Akasukuma na barua pia. Juu yake kulikuwa na alama ya kidole chenye mafuta. "Au niite wazee wa kamati tuulize ilikuwaje mtu mwenye mpwa wake kwenye orodha ya daraja la kwanza akaachiwa kuhakiki vyeti vya daraja la kwanza? Wataanza kuzikagua hata alama zake. Miezi sita hivi. Ijumaa itakuwa imepita."

Hapo ndipo Mama Nukta alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe. Alianza kusoma, "Kwa yeyote anayehusika, tunathibitisha kwamba vyeti vya daraja la kwanza vya mwaka huu vilivyoandikwa Shahada ya Heshima ni halali..." na kichefuchefu kikamshika. Ile alama ya kidole ilikuwa juu ya maneno, inang'aa. Neno lake, lililopitishwa kikaoni, limegeuzwa hivi, na yeye ndiye anatakiwa alibariki. Hakuweza kuendelea. Alitaka tu kitu hicho kiondoke mbele ya macho yake. Akageuza uso pembeni, akatia saini chini, akachukua cheti, akaenda chooni na kunawa mikono mpaka viwiko. Alijisikia mchafu, na sabuni haikusaidia kitu.

Alhamisi alikipeleka nyumbani kwa dada yake. Kipanga alikisoma akiwa amesimama mlangoni, kisha akakisoma tena.

"Wamekubali! Wenzangu nao wanapewa lini?"

"Wanashughulikiwa."

"Wote?"

"Nimekwambia wanashughulikiwa. Kesho vaa ile sketi nyeusi, na ufike kabla ya saa tano."

Binti alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Ni Mama Nukta mwenyewe aliyemfundisha kutopitwa na kasoro ndogo. Lakini furaha ikamzidi, akamrukia shingoni, na Mama Nukta akasimama pale ananuka sabuni ya chooni, anapigwa busu ambalo hakuona kama ni lake.

Ijumaa saa tano na nusu simu ya mezani kwake ililia.

"Ofisi ya Usajili, mhakiki."

"Mama, mimi ni mkuu wa Maabara ya Maji." Ilikuwa sauti ya mtu mzima, ya taratibu, isiyokuwa na dharau. "Nataka uhakika wa jambo moja. Nina binti hapa, kichwa kizuri sana, ametushangaza sote kwenye mtihani. Jumatatu alileta cheti kinachosema 'ya heshima'. Tukamcheka, na leo nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi kwa hilo, maana jana nimepokea barua yenu inayoeleza kwamba ndivyo vilivyo. Waajiri wote tumeipokea. Tatizo ni kwamba leo ameleta kingine."

"Barua mmeipokea?"

"Ninayo hapa. Na mwisho wake panasema, nakusomea, 'Cheti chochote cha daraja la kwanza cha mwaka huu kisomekacho vinginevyo hakikutolewa na chuo hiki, na anayekiwasilisha achukuliwe kuwa ameghushi.'"

"Imeandikwa hivyo?"

"Mama, saini si ni yako?"

Alitaka kusema hakuisoma. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Mhakiki wa miaka kumi na tisa, aliyewahi kurudisha cheti cha profesa kwa ajili ya nafasi moja kati ya maneno mawili, hakusoma sentensi ya mwisho ya barua aliyoitia saini, kwa sababu ilikuwa na alama ya kidole! Na bila cheti hicho kipya binti angeingia leo na karatasi yake mbovu, akaombwa radhi, akapewa koti. Wale arobaini wote watapokewa kwa uongo huo. Atakayekataliwa ni mmoja tu, mwenye karatasi ya kweli.

"Sikiliza, ndugu yangu," alisema. "Hicho alicho nacho leo ndicho sahihi. Kimetoka kwetu, nimekichukua kwa mkono wangu. Barua ndiyo ya uongo."

"Barua uliyosaini wewe."

"Ndiyo."

Alimsikia mtu akikohoa upande wa pili, na karatasi ikigeuzwa.

"Sasa mama yangu," mkuu wa maabara akasema, bado bila dharau, na hilo ndilo lililoumiza zaidi, "nikuamini ukiandika, au nikuamini ukisema?"

Mama Nukta akaichukua kalamu nyekundu iliyokuwa mbele yake, akaifunika.

"Nakuuliza kwa sababu binti mwenyewe yuko hapa, nimefungua spika. Sipendi mtu asemwe hayupo."

Kisha ikaja sauti ya Kipanga, karibu na simu.

"Mama mdogo. Hiyo barua uliandika wewe?"

"Sikuiandika, mwanangu."

"Ulitia saini?"

"Nilitia saini."

"Ili nipate hiki?"

"Ndiyo."

"Na wenzangu?"

Angeweza kusema kwamba wenzake sasa wako salama kuliko yeye, na ingekuwa kweli. Lakini alijua kwamba siyo alichoulizwa. Alipotia saini Jumatano hakuwa akijua kama watasalimika au wataangamia, na hakuwa ameuliza mara mbili.

"Sikuwafikiria," alisema.

Alisikia kiti kikisukumwa nyuma, viatu vikitembea juu ya sakafu, mlango ukifunguliwa na kufungwa. Haukubamizwa. Binti alikuwa amelelewa vizuri.

"Ametoka," mkuu wa maabara akasema. Alisikika kama asiyejua afanye nini na simu. "Mama, bado uko hapo? Cheti amekiacha mezani."